Ukili, Udongo na Mkonge: Historia ya Kazi za Mikono Handeni na Korogwe

Kazi za mikono za Handeni na Korogwe, wilaya mbili jirani za mkoa wa Tanga, zimetegemea kwa karne nyingi malighafi ya papo hapo: majani ya mikindu na miyaa, udongo wa kando ya mito, magome na magogo ya misitu ya miombo. Mwishoni mwa karne ya 19 uliongezeka mkonge, mmea wa ng'ambo uliobadili ardhi na ajira ya eneo zima. Wenye kazi hizo ni Wazigua, walio wengi Handeni na katika tambarare za Korogwe, pamoja na Wasambaa wa milimani na Wabondei wa upande wa mashariki. Ususi, ufinyanzi, uchongaji na ushonaji wao umekutana mara nyingi na bidhaa za kutoka mbali, tangu shanga za kioo hadi ndoo za plastiki. Kila zilipoingia bidhaa hizo, vyombo ambavyo duka liliweza kuvitoa kwa wepesi vilianza kuachwa. Vile vilivyobeba malezi, tiba, ibada na heshima ya nyumba vilidumu zaidi.

NCHI NA MALIGHAFI YAKE

Handeni iko kwenye nchi ya mvua za kusuasua, kati ya milima ya Nguu upande wa magharibi na ukanda wa pwani upande wa mashariki. Misitu yake ya miombo hutoa magome ya kutengenezea kamba na mizinga ya nyuki, pamoja na miti migumu kama mpingo na mninga. Korogwe imekaa kando ya mto Ruvu, ambao kuelekea baharini huitwa Pangani. Mito ya Mkomazi na Luengera, inayokusanya maji ya milima ya Usambara, huungana na Ruvu katika eneo hilo. Mkindu, matete na mafunjo hupenda mabonde hayo yenye unyevu, na miyaa huvumilia sehemu kavu zaidi. Udongo wa kufinyangia huchimbwa kandokando ya vijito na mbugani.

Kazi ziligawanywa kwa jinsia na kwa msimu. Wanawake walisuka mikeka na kufinyanga vyungu. Wanaume walichonga vinu, vigoda, ngoma na mizinga, na wakasuka matenga kwa fito na nyungo kwa matete yaliyopasuliwa. Nyingi zilifanywa wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ghalani, kwa sababu wakati huo mikono ilikuwa huru na jua lilikausha majani na udongo bila kukatizwa na mvua. Hapakuwa na tabaka la mafundi waliojitenga na kilimo. Msusi na mfinyanzi alikuwa kwanza mkulima. Uhunzi ndio uliokuwa na utaalamu wa kiukoo. Jirani zao Wapare walikuwa na ukoo wa Washana, uliosifika kwa kuyeyusha na kufua chuma, na majembe na shoka za Upare ziliuzwa kwa watu wa nchi za jirani.

USHAHIDI WA ARDHINI

Ufinyanzi wa nchi hii ni wa zamani sana. Katika miaka ya 1960 mwanaakiolojia Robert Soper alichunguza milima ya Usambara na Upare, akakuta vigae vya aina iitwayo Kwale, kwa jina la mahali pa kusini mwa pwani ya Kenya vilikotambuliwa kwanza. Vyombo hivyo ni vya karne za mwanzo baada ya Kristo, na vilitengenezwa na wakulima waliokuwa tayari wanajua kuyeyusha chuma. Midomo yake imekatwa kwa pembe na kuchorwa mifereji kwa uangalifu. Baadaye, kati ya mwaka 600 na 900 hivi, ilienea mitindo mingine yenye michoro ya pembetatu zilizokwaruzwa juu ya udongo mbichi. Mitindo hiyo inapatikana pwani na bara pia, jambo linaloonyesha kwamba watu wa bonde la Ruvu na watu wa bahari walijuana mapema.

Mwanaakiolojia Jonathan Walz alifuatilia uhusiano huo katika bonde la Ruvu, pamoja na mahali paitwapo Kwa Mgogo karibu na Mombo, wilayani Korogwe. Uchunguzi wake ulionyesha kwamba vitu vya baharini, kama makombe na shanga za kioo, vilifika mbali na bahari zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Pamoja na vitu hivyo vya kununuliwa zilikuwapo shanga za kienyeji zilizotengenezwa kwa magamba ya konokono wa nchi kavu. Gamba lilivunjwa vipande vidogo, kila kipande kikatobolewa katikati, kisha shanga zikatungwa na kusuguliwa pamoja kwenye jiwe mpaka zikawa na duara moja. Ni kazi ya subira kubwa. Shanga za kioo na shanga za konokono zilitumika wakati mmoja, na watu walivaa zote.

UFINYANZI

Mfinyanzi wa Kizigua au wa Kisambaa hakutumia gurudumu. Udongo ulichimbwa, ukaachwa ukauke, ukatwangwa, ukapepetwa na kuondolewa mawe na mizizi, kisha ukalowekwa na kukandwa pamoja na mchanga au vigae vilivyosagwa ili chombo kisipasuke motoni. Chombo kilijengwa kwa kuzungusha mikono ya udongo, pingili juu ya pingili, huku ukuta wake ukilainishwa kwa kipande cha kibuyu, gunzi la hindi au kokoto laini. Kilipokauka kiasi kilisuguliwa mpaka kikang'aa, kisha kikaachwa kivulini siku kadhaa. Hakikuchomwa katika tanuri, bali katika moto wa wazi wa kuni, magome na majani makavu. Kikitoka motoni kingali na joto, aghalabu kilinyunyiziwa maji ya magome yaliyochemshwa ili kuziba vitundu vyake.

Vyombo vilitofautiana kwa kazi. Chungu cha mdomo mpana kilikuwa cha kupikia, na mtungi wa shingo nyembamba wa kuchotea na kuhifadhia maji. Kaango lilikaangiwa, na bungu liliandaliwa mchuzi au mboga. Vyombo vikubwa vilitumika kwa pombe, pamoja na boha, pombe ya miwa inayojulikana sana katika nchi ya Tanga. Vingine vilikuwa vya mganga, vya kuchemshia mizizi na kufukizia, na hivyo havikupikiwa chakula.

Wazigua wamesifika kwa muda mrefu kwa uganga, na vifaa vya waganga ni sehemu muhimu ya sanaa yao. Dawa ziliwekwa katika tunguri, vibuyu vidogo ambavyo vizibo vyake vilichongwa kwa mti, mara nyingi kwa umbo la kichwa cha mtu. Wakati wa ukoloni vitu kama hivyo vilichukuliwa kwa wingi na kupelekwa katika makumbusho ya Ulaya. Huko vilipangwa kwenye makabati kama michongo tu, bila dawa na bila maelezo ya mwenye nayo. Katika nchi yake, thamani ya tunguri ilikuwa katika kilichomo ndani na katika ujuzi wa mganga aliyeirithi.

UNYAGO NA VINYAGO VYA MAFUNZO

Sanaa yenye maana nzito kuliko zote ilikuwa ile ya jando na unyago. Wazigua wamo katika kundi la watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, pamoja na Wanguu, Waluguru, Wakwere, Wadoe na Wazaramo. Katika kundi hilo msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani kwa kipindi fulani akiwa mwali, na wakati huo alifundishwa na wanawake wakubwa. Baadhi ya watu hao walimpa mwali sanamu ndogo ya mti, iliyo maarufu kwa jina la Kizaramo la mwana hiti. Ina kiwiliwili cha mviringo kisicho na mikono, matiti madogo, na kichwa chenye nywele zilizosukwa kama vishungi viwili. Mwali aliipaka mafuta na kuitunza kama mtoto, akijizoeza malezi na kuombewa uzazi. Marc Felix alikusanya habari za sanamu hizo katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu maisha na sanaa ya watu hao wa ukoo wa mama.

Pamoja na sanamu za mti vilikuwapo vinyago vya udongo. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyeishi Tanganyika na kuwa mtaalamu wa serikali wa masuala ya jamii, alivikusanya katika nchi ya Wasambaa, Wazigua, Wanguu na majirani zao, akachapisha kitabu juu yake mwaka 1956. Vilikuwa vya watu, wanyama, nyoka, vyombo vya nyumbani na zana. Vingi vilipambwa kwa madoa ya rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi, rangi zilizopatikana kwa udongo mweupe, udongo mwekundu na masizi. Kila kimoja kiliambatana na wimbo wa mafumbo na mafunzo yake. Kimoja kilihusu uaminifu katika ndoa, kingine uvivu, kingine heshima kwa wakwe au hatari ya ulafi. Mwalimu alikionyesha, wimbo ukaimbwa, na kijana akafafanuliwa maana.

Kwa hiyo vinyago hivi havikuwa mapambo. Vilikuwa kumbukumbu ya mafunzo katika jamii ambayo elimu yake ilipitishwa kwa mdomo, na uzuri wake ulipimwa kwa namna vilivyosaidia somo likae moyoni. Kinyago kilichotengwa na wimbo wake kimebaki nusu. Hii ndiyo sababu kazi ya Cory, pamoja na mipaka yake kama kazi ya zama za ukoloni, ina thamani: aliandika nyimbo na maelezo pamoja na kuhifadhi udongo.

Mafunzo hayo yalipingwa na wamisionari. Katika nchi jirani ya Bonde, wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, waliofika Magila katika miaka ya 1860, walibishana kwa muda mrefu na waumini wao kuhusu galo, jando la Wabondei. Uislamu nao, ulioenea kutoka Pangani na Saadani, ulibadili sehemu za sherehe na kuleta taratibu zake. Hata hivyo unyago haukufutika. Ulifupishwa, ukafanywa kwa faragha zaidi, na sehemu kubwa ya mafunzo ikabaki mikononi mwa makungwi.

USUSI

Ususi ulienea kuliko kazi nyingine zote. Majani machanga ya mkindu hukatwa kabla hayajafunguka, huanikwa juani mpaka yawe meupe, kisha huchanwa kuwa chane nyembamba. Chane husukwa kwa vidole kuwa ukili, utepe mrefu ambao upana wake hutegemea idadi ya chane. Ukili mrefu ukishapatikana hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka unatimia, na mwisho wake hupindwa na kukazwa. Mkeka mmoja mzuri huchukua majuma kadhaa ya kazi ya jioni na ya saa za mapumziko. Rangi nyeusi ilipatikana kwa mizizi ya mdaa. Baadaye rangi za unga za dukani zilileta zambarau, kijani na nyekundu kali, na wasusi wakazichukua na kutunga michoro mipya.

Majani ya miyaa, yaani milala, ni magumu zaidi, na yalifaa kwa majamvi ya kuanikia nafaka, vikapu vya shambani na kamba za kuwambia vitanda. Kwa mkindu na milala vilisukwa pia misala ya kuswalia, makawa ya kufunikia chakula, vipepeo, vifumbu vya kuchujia tui, na makanda ya kubebea nafaka. Makanda yalikuwa na umuhimu wa kiuchumi. Katikati ya karne ya 19 Uzigua uliuza nafaka nyingi pwani na Unguja, ambako mashamba ya karafuu yalihitaji chakula kutoka bara. Nafaka hiyo isingeweza kufika bandarini bila chombo cha kuibeba, na hivyo jasho la msusi liliingia katika kila mzigo.

Mkeka ulikuwa pia na nafasi katika mambo makuu ya maisha. Bibi harusi aliingia nyumbani kwake na mikeka, mgeni wa heshima alitandikiwa mkeka mpya, na msibani watu waliketi juu ya majamvi na mikeka iliyokusanywa kutoka nyumba za majirani. Ususi wenyewe ulikuwa shughuli ya kukaa pamoja: msichana alijifunza akiwa ubavuni mwa bibi au shangazi yake, akianza na ukili mwembamba usio na rangi.

NGUO, SINDANO NA BIASHARA YA MISAFARA

Njia ya misafara kutoka Pangani ilifuata bonde la Ruvu kupita Korogwe, Mombo na Mazinde kuelekea Kilimanjaro. Johann Ludwig Krapf alimtembelea mfalme Kimweri ye Nyumbai huko Vugha mwaka 1848, na Richard Burton na John Speke walipita bondeni humo Februari 1857 wakielekea Vugha vilevile. Misafara iliteremsha pembe za ndovu na watumwa, ikapandisha nguo, shanga, nyaya za shaba na bunduki. Nguo zilizotawala zilikuwa merikani, kitambaa cha pamba kutoka Marekani, na kaniki, kitambaa cha buluu iliyokolea. Mavazi ya ngozi yaliachwa hatua kwa hatua, na ujuzi wa kulainisha ngozi za kuvaa ukapungua pamoja nayo.

Nguo za kununua zilileta sanaa ya sindano. Kofia ya kushonwa kwa mkono, yenye maua yaliyotiwa kwa vitundu vilivyozungushiwa uzi, ilikuwa kazi ya miji ya pwani, lakini ilivaliwa na Waislamu wa Korogwe na Handeni na ikawa vazi la heshima msikitini na harusini. Kanga, iliyoenea pwani kuanzia robo ya mwisho ya karne ya 19, iliingia katika unyago na harusi haraka sana. Kungwi alitunzwa kanga, na mwali alitolewa nje akiwa amefunikwa kwayo. Shule za misheni zilifundisha wasichana kudarizi na kufuma kwa uzi, na vitambaa vya kutandika juu ya viti na meza vikawa fahari ya sebule. Ushonaji huu haukuua ususi, kwa kuwa kila mmoja ulikuwa na mahali pake: kitambaa mezani, mkeka sakafuni.

Wakwavi na Wamasai waliokaa katika nyika za Handeni na Korogwe walikuza sanaa yao ya shanga za kioo zilizotoka Ulaya, hasa Bohemia. Wanawake walizitunga katika mikufu mipana ambayo mpangilio wa rangi zake ulionyesha umri na hadhi ya mvaaji. Malighafi ilitoka mbali, lakini lugha ya rangi ilikuwa yao wenyewe.

MKONGE NA RELI

Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ni 62 tu iliyofika Tanga ikiwa hai, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Kati ya mmea na reli hiyo yalizaliwa mashamba makubwa ya Hale, Magunga, Ngombezi, Mwelya na Magoma katika Korogwe, na Kabuku katika Handeni.

Nyuzi za mimea hazikuwa jambo geni. Watu walikuwa wakipata kamba kwa mkonge mwitu wa porini na kwa magome ya mbuyu na ya miti ya miombo, wakisokota nyuzi kwa kiganja juu ya paja. Mkonge mpya ulileta uzi mrefu na imara zaidi, lakini ulileta pia kazi ya aina nyingine. Jani lilikatwa kwa mkono shambani na kupelekwa korona, mtambo uliosaga nyama ya jani na kuacha singa. Singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Wakataji walikuwa manamba, wafanyakazi wa mkataba kutoka Ubena, Uha, Unyamwezi, Umakonde, Msumbiji na Burundi. Walikaa makambini na ngoma zao na ufundi wao. Wamakonde, kwa mfano, walikuja na ujuzi wao wa kuchonga. Singa zenyewe zilisafirishwa ng'ambo na kuwa kamba za meli na nyuzi za kufungia majani ya mifugo.

Vijijini mkonge uliingia kwa mlango mdogo. Ulipandwa mipakani, na majani yake yakaparwa kwa kisu juu ya ubao. Kamba zake zilifungia mifugo, ziliwamba vitanda na kushonea majamvi. Singa zilitengenezewa brashi, mazulia ya mlangoni na vikapu. Hivyo mmea wa mashamba ya kikoloni uligeuzwa kuwa malighafi ya nyumbani.

BAADA YA UHURU

Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, kilele cha uzalishaji wake. Baada ya hapo nyuzi za nailoni na polipropilini zilishusha bei. Sehemu kubwa ya mashamba ilitaifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na uzalishaji uliendelea kuporomoka hadi mashamba yalipoanza kubinafsishwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Kuanzia mwaka 1999 wakulima wadogo walipewa ardhi ya mkonge katika mashamba matano ya Korogwe yaliyotajwa juu, na mwaka 2008 huko Hale ulizinduliwa mtambo wa kuzalisha gesi na umeme kwa mabaki ya majani.

Plastiki iliyodhoofisha mkonge iliingia pia majumbani. Ndoo ilichukua nafasi ya mtungi, sufuria nafasi ya chungu, na mikeka ya plastiki yenye rangi kali ikauzwa kwa bei ambayo msusi hakuweza kushindana nayo. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, na vikundi vya wanawake vilijaribu kuzipa kazi za mikono soko la uhakika, lakini ugumu ulibaki palepale: bei ya mkeka hailingani na majuma ya kazi yaliyomo ndani yake. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019 ilirudisha kikapu sokoni na kuonyesha kwamba uamuzi wa serikali unaweza kufungua tena mlango uliofungwa na kiwanda.

Leo hali ya kazi hizi inatofautiana. Ungo na tenga vinaendelea kwa sababu kupeta nafaka na kubeba kuku na matunda kunahitaji chombo chepesi kinachopitisha hewa. Chungu kinabaki kwa wapendao ladha yake na kwa tiba, na mkeka wa ukindu kwa harusi, ibada na misiba. Kilicho hatarini zaidi ni sanaa ya unyago, maana ratiba ya shule imefupisha kipindi cha mwali na vinyago vingi vinajulikana kwa makumbusho na vitabu tu.

Kuhifadhi urithi huu kunataka mambo matatu. La kwanza ni kulinda malighafi: mikindu ya mabondeni inayopungua kwa kilimo na machimbo ya udongo yasiyo na ulinzi wa kisheria wa kijiji. La pili ni kumlipa fundi kwa kadiri ya kazi yake, hasa wanawake ambao ndio wenye sehemu kubwa ya ujuzi. La tatu ni kuandika nyimbo, majina ya michoro na taratibu za kazi pamoja na kukusanya vitu, kazi ambayo makungwi, wasusi na wafinyanzi wazee wa Handeni na Korogwe ndio walimu wake wa kwanza.